Besi ya Marehemu Lucius

Mama Odessa Gaither aliileta besi ya marehemu mumewe, lile gitaa lake la sauti nzito, ikiwa imeviringishwa kwenye shuka la kitanda, kwa kuwa mfuko wake wa ngozi ulikuwa umeoza zamani. Hakumkabidhi Delbert pale mlangoni. Aliingia nayo mpaka jikoni, akaketi, akaipakata, akaanza kuifunua pole pole kama mama anayemfunua mtoto mgonjwa mbele ya daktari.

"Inakwaruza," alisema. "Ukichomeka waya inalia krr, krr, halafu kimya. Ukiutikisa, inarudi. Shavonne anataka kuipiga Jumapili ya kumbukumbu ya babu yake. Nikamwambia tulia, Ndugu Delbert ana banda zima la vitu hivi."

"Ni tundu la waya tu hilo, Mama," alisema Delbert bila hata kuigusa. "Kuna kitu kimelegea ndani. Kazi ya kikombe kimoja cha kahawa."

"Basi hilo hilo. Usiniongezee, usinipunguzie."

Verlene, mke wa Delbert, alikuwa kwenye sinki akiosha majani ya haradali. Alicheka bila kugeuka. "Mama, kumwambia huyu asiongeze kitu ni kama kumwambia mbwa asibweke."

Wakacheka wote watatu. Besi ilikuwa imelala juu ya meza, nyekundu iliyochujuka, rangi ya tofali lililonyeshewa miaka mingi. Mzee Lucius aliipiga kanisani tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi alipokuwa hana nywele. Mahali ulipokuwa ukikaa mkono wake wa kulia, rangi ilikuwa imekwisha kabisa, pamebaki kipara cha mbao kilichokolea jasho, laini kama ukingo wa benchi la mbele. Kichwani, karibu na nyuzi, palikuwa na alama ya kuungua, ya sigara za enzi zile kabla hajaokoka. Mgongoni bizimu ya mkanda wake ilikuwa imekwangua mistari kama makucha ya paka. Mama Odessa alipokuwa akiongea, kidole gumba chake kilikuwa kikizunguka juu ya kile kipara, kikizunguka tu, wala hakuwa na habari nacho.

Delbert Pruitt alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Alitoka kazini mapema mchana, na saa zake zote zilizobaki alizipeleka katika lile banda la gari nyuma ya nyumba, ambamo gari halikuwahi kulala. Humo alichonga besi. Alinunua mbao, akazikata, akazichimba, akazifunga sumaku za kunasia sauti, akazipaka rangi tabaka juu ya tabaka. Zilining'inia ukutani kama nguo za duka lisilo na wateja. Pale mjini Saginaw watu wa kanisa walijua kwamba anazo, lakini hakuna aliyepata kumwomba hata moja.

Mzee Lucius ndiye pekee aliyewahi kuijaribu mojawapo, tena mbele ya ibada nzima. Alipiga wimbo mmoja, akaivua begani, akasema kwenye kipaza sauti: "Ndugu Delbert, ahsante, lakini hii si besi. Huu ni mlango." Kanisa likaangua kicheko. Delbert naye akacheka, akawapita wote kwa sauti. Lucius alikwisha kulisahau jambo hilo kabla ya chakula cha mchana. Delbert hakulisahau.

*

Ilikuwa kweli kazi ya kikombe kimoja. Alifungua kibati cha ubavuni, akakuta waya umeachia, akaulehemu, akakaza nati. Akachomeka, akapiga. Hakuna krr wala mkwaruzo. Angekuwa mtu mwingine angeirudisha kwenye shuka lake na kwenda kula.

Lakini alisikia mvumo mdogo nyuma ya sauti. Akasema moyoni, sumaku zimechoka hizi. Alikuwa nazo mpya, nzuri, alizoziweka kwa ajili ya besi yake mwenyewe. Mpya zilikuwa pana kuliko za zamani, kwa hiyo ikabidi shimo liongezwe. Alipokuwa akilichimba, mashine ikaruka kidogo ikabandua rangi ukingoni, kipande cha ukubwa wa ukucha. Akajaribu kukiziba kwa rangi, ikakataa kulingana. Sasa kovu likawa linaonekana kuliko kila kitu. Kosa moja likamshika mkono, likampeleka kwa jingine kama mwenyeji anayemtambulisha mgeni kwa jamaa zake. Afadhali nipake ubavu wote, alisema. Kisha: afadhali niipake yote.

Na alipokwisha kuliamua hilo, hakujisikia vibaya. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote, kwamba alikuwa na furaha. Alipiga miluzi. Aliisugua kwa msasa mpaka mbao ikabaki nyeupe kama mhogo uliomenywa, akaisugua na shingo yake nyuma, akapuliza vumbi, akapaka buluu iliyokolea yenye chembe za dhahabu. Aliing'arisha mpaka akaona meno yake ndani yake. Alikuwa akiiona Jumapili: Shavonne anapiga, kanisa limenyamaza, watu wanaulizana nani kaifanya hii. Kichwani, ile sehemu iliyoungua, alichimba akapachika kipande kidogo cha lulu chenye herufi zake, D.P.

Verlene aliikuta ikikauka, imetundikwa kwenye waya.

"Alikuomba uipake rangi?"

"Ni zawadi."

"Sikumsikia akiomba zawadi. Nilimsikia akisema usiongeze."

"Verlene, utauona uso wake. Halafu ndipo uniambie."

*

Mama Odessa alikuja na koti lake la kanisani ingawa haikuwa siku ya kanisa. Delbert aliitoa besi ikiwa chini ya kitambaa cha meza, akaisimamisha kwenye kiti, akakivuta kitambaa.

"Enhe!" alisema Mama Odessa, akapiga makofi mawili. "Inang'aa kama gari la harusi. Hii umeichonga wewe?"

"Mimi, Mama."

Akaisogelea, akainama, akapitisha kiganja juu yake. "Baridi," alisema, akatabasamu. "Kazi nzuri, mwanangu. Ujue Lucius alikuwa anakutania siku ile ya mlango. Njiani tukirudi aliniambia, yule kijana ana mkono, siku moja atatuaibisha sote. Sijui kwa nini sikuwahi kukwambia." Kisha akanyanyuka, akatazama huku na huku jikoni, akatazama nyuma ya mlango. "Haya, na ya Lucius iko wapi?"

Delbert alimtazama yule mama, na uso alioahidi kwamba Verlene angeuona ulikuwa pale mbele yake, mtulivu, wenye adabu, unangoja kupewa kitu chake. Verlene alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule na sahani ya keki ya limau.

"Ya Mzee," alisema Delbert, "bado iko kwenye jiliwa. Gundi haijakauka."

"Gundi? Si ulisema ni tundu la waya?"

"Nilikuta ufa. Mdogo tu. Nimeuziba."

"Ufa!" Mama Odessa akaweka mkono kifuani. "Mungu wangu. Ni vizuri umeuona. Na hii je?"

"Hii nilikuwa nakuonyesha tu."

"Nzuri. Nzuri sana. Basi Jumamosi utaniletea yangu. Na shuka langu usilisahau, ni la seti." Akapokea kipande cha keki, akakila akiwa amesimama, akamsifu Verlene kwa limau, akaenda zake.

Walimsikia akishuka ngazi za mbele, moja moja, akishikilia ukuta.

"Mkimbilie," alisema Verlene. "Bado yuko kwenye ngazi."

Delbert alikiokota kitambaa cha meza, akaanza kukikunja.

"Delbert. Mwite kwa jina tu. Atageuka."

"Naweza kuirudisha."

"Kuirudisha nini?"

"Ilivyokuwa. Kuna watu kazi yao ni hiyo, wanachukua besi mpya wanaizeesha, huwezi kujua. Sumaku zake za zamani ninazo. Nyuzi zake ninazo. Rangi ninaweza kuilinganisha. Kipara ninaweza kukitoa kwa msasa, na madoa, na..."

"Unataka kumchongea marehemu jasho," alisema Verlene.

Alisema kwa sauti ndogo, kama anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Gari la Mama Odessa likawaka huko nje, likaondoka.

"Na wewe kwa nini hukusema?" aliuliza Delbert. "Ulikuwa hapo hapo."

Verlene aliiweka sahani mezani.

*

Kuchakaza kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kung'arisha. Delbert aliyajua hayo kwa kuyasikia, sasa akayajua kwa mikono. Alilivua lile vazi la buluu lote. Aliking'oa kipande cha lulu, akaziba tundu lake. Alichanganya nyekundu na kahawia na nyeupe mpaka akaipata rangi ya tofali la mvua, akaipaka nyembamba. Kisha akawa anahitaji kuuona mkono wa Mzee Lucius ulikuwa ukikaa wapi hasa.

Alitafuta picha kwenye ukurasa wa kanisa. Zilikuwa nyingi, za Pasaka, za harusi, za siku ya akina mama, na katika zote Lucius alikuwa nusu. Bega nyuma ya kwaya. Kiwiko pembeni ya mchungaji. Mtu aliyekuwa kila mahali, na hapakuwa na aliyewahi kumpiga picha yeye. Delbert alikuza kiwiko kile kwenye simu, akapima kwa rula kivuli cha besi, akachora kwa penseli juu ya rangi mpya mahali ambapo mtu mwingine alikuwa amechoka.

Rangi ilitakiwa kuwa na nyufa ndogo ndogo kama ganda la yai lililogongwa. Nyufa hizo huja kwa baridi. Verlene alirudi nyumbani kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee alikopika, akafungua friza la nyama kutoa kuku, akaikuta besi imelazwa juu ya mapaja na mbavu, imefunikwa kwa lile shuka la Mama Odessa.

Alilifunga friza. Walikula mayai siku hiyo.

Iliyobaki ilikuwa alama ya sigara. Delbert hakuvuta. Alikwenda kituo cha mafuta akaomba sigara moja, muuzaji akamwambia siku hizi haziuzwi moja moja, mzee, chukua pakiti au ondoka kwenye foleni. Akachukua pakiti. Alipogeuka, nyuma yake alikuwa amesimama Dada Philippa Yarbrough wa kwaya na galoni ya maziwa.

"Ndugu Delbert! Sigara?"

"Za kazi," alisema Delbert.

"Za kazi," alirudia Dada Philippa, akimtazama kwa huruma iliyochanganyika na utamu wa habari mpya. "Haya. Tutakuombea."

Alhamisi Verlene na Mama Odessa walimenya viazi vitamu pamoja kwenye jiko la kanisa, vya pai za Jumapili. Mama Odessa alimenya na kuongea. Alisema mume mwenye subira ni mali; wa kwake angeiona ile gundi haikauki angeipulizia mdomo. Alisema tangu besi itoke nyumbani, kona ile ya chumba anaipita haraka haraka. Alisema, "Unanyamaza sana leo, binti yangu, unaumwa?" Verlene akasema ni mgongo. Mama Odessa akafuta mikono yake, akauweka mmoja kwenye mgongo wa Verlene, juu ya kiuno, akafumba macho, akauombea pale pale, kwa sauti, kwa jina.

Verlene alirudi nyumbani akapita bandani. Delbert alikuwa ameipakata besi, amekunja shati, anakisugua kipara kwa mkono wake mwenyewe, mbele nyuma, mbele nyuma, kakipaka kiwi ya viatu ya kahawia ili kikolee. Lazima ikubalike kwamba ilikuwa kazi nzuri. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile.

"Ameniombea mgongo," alisema Verlene.

"Una nini mgongoni?"

"Sina kitu," alisema, akaingia ndani.

*

Jumamosi alikwenda peke yake. Verlene alikataa kuingia kwenye gari.

Mama Odessa aliipokea ikiwa kwenye shuka lake, lililofuliwa na kupigwa pasi. Alikaa kwenye kochi, akaifunua, akaipakata, akafumba macho. Mkono wake ukatembea juu ya ile mbao kama mtu anayetafuta swichi gizani, ukafika kwenye kipara, ukasimama. Kidole gumba kikaanza kuzunguka.

"Huyu hapa," alisema. Machozi yakashuka bila kelele. "Huyu hapa mtu wangu."

Delbert aliangalia zulia. Alikuwa ametegemea kwamba saa hiyo ingekuwa ya kushusha pumzi. Badala yake alihisi kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha, akamkuta mama wa watu hana nguo, na sasa hawezi kutoka.

Alilishwa. Mama Odessa hakukubali aondoke bila kula. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mboga, mkate wa mahindi. Alimwongezea bila kuuliza. Kila tonge lilishuka kama limefungwa kwenye karatasi. "Kula, mwanangu," alisema Mama Odessa, "mikono hii inastahili kula."

Na Jumapili ikawa kama alivyoiota, ndiyo adhabu yake. Shavonne, binti mrefu aliyerudi kutoka jeshini na mabega ya babu yake, alipiga, na kanisa likanyamaza. Kisha Mchungaji Tolliver akampa Mama Odessa kipaza sauti.

"Mnajua watu wa siku hizi," alisema Mama Odessa. "Ukiwapa kitu kikuukuu, wanakupa kipya, wanataka uwashukuru. Mimi niliogopa. Nasema kweli, niliogopa hata kwa huyu. Lakini Ndugu Delbert Pruitt alikuta ufa akauziba, na hakuigusa pengine popote. Aliniachia mume wangu kama alivyokuwa. Simama, mwanangu. Simama watu wakuone."

Alisimama. Kanisa zima likasimama naye, makofi, vinanda, "Amina" kutoka kila benchi. Aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kupiga. Dada Philippa alikuwa akipunga kitambaa. Kando yake Verlene alikuwa ameketi, mikono miwili mapajani.

Delbert akapiga hatua moja kuelekea njia ya katikati, kuelekea kipaza sauti. Mkono ukamshika koti kwa nyuma.

"Kaa," alinong'ona Verlene.

"Nataka kuwaambia."

"Najua unachotaka. Kaa. Usimvue nguo mbele za watu ili wewe upate usingizi. Nenda nyumbani kwake. Kesho."

*

Siku ya pili yake, alipotoka kazini, hakupita nyumbani kunawa. Alimkuta Mama Odessa kibarazani akichambua maharage, akamwambia akiwa bado chini ya ngazi, kofia mkononi, grisi kwenye kucha. Alimwambia yote: sumaku, kipande cha rangi kilichobanduka, buluu, herufi zake, friza. Alisema haraka. Alipomaliza akabaki anapumua kama aliyekimbia.

Mama Odessa aliendelea kuchambua maharage kwa muda. Kisha akaacha.

"Ile ya buluu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Niliigusa. Nikasema baridi."

"Ndiyo."

"Na Jumamosi. Pale nilipolia. Nililia juu ya nini?"

Delbert alitafuta neno lenye heshima kidogo. Halikuwepo. "Msasa," alisema. "Na kiwi ya viatu."

"Kiwi ya viatu," alisema Mama Odessa. Aliangalia kidole gumba chake, akakifuta kwenye aproni. Akainuka, akaingia ndani. Mlango wa wavu ukajibamiza.

Delbert hakujua kama amefukuzwa. Alisimama pale. Mama Odessa akarudi na kiti cha jikoni, akakiweka kibarazani, kikitazama barabara. Akaingia tena, akatoka na besi, bila shuka.

"Msasa unao?"

"Uko garini."

"Ulete. Kaa hapa. Toa kila kitu ulichokichora wewe. Mikwaruzo yako, moto wako, kiwi yako. Nataka uniachie mti."

"Naweza kuipeleka bandani, Mama, nina mashine, jioni hii hii itakuwa..."

"Hapa. Kwa mkono. Banda lako silitaki tena."

Akakaa, akaing'oa shingo na nyuzi, akaanza. Vumbi jekundu likaanguka kwenye viatu vyake vya kazi. Mama Odessa alirudi kwenye maharage yake.

Wa kwanza kupita alikuwa jirani, Mzee Ambrose Dunlap, na mbwa wake mnene. "Ndugu Delbert! Shujaa wetu. Unaifanya nini tena hiyo?"

"Naisafisha kidogo."

"Amekuuliza," alisema Mama Odessa bila kuinua macho. "Mjibu."

Mbwa akanusa ngazi. Mama Odessa akavunja haragwe moja katikati, tak.

"Mama alinipa nikaze waya," alisema Delbert. "Nikaipaka rangi nyingine. Halafu nikaogopa kumwambia, nikaichora upya ifanane na ile ya zamani. Nikamletea kama ndiyo yenyewe."

"Na tukakupigia makofi," alisema Mzee Ambrose.

"Mkanipigia makofi."

Mzee Ambrose hakujua aangalie wapi. Akasema "Enhe," akasema "Haya basi," akamvuta mbwa wake, na mbwa hakutaka kuondoka, ikawa kazi kubwa.

Watu wa mtaa ule walitembea sana majira yale, jua likiwa limerudi baada ya baridi ndefu. Alipita shemasi. Walipita wanawake wawili wa kwaya waliokuwa wakitembea kwa amri ya daktari. Kila mara Mama Odessa alisema neno lile lile, mjibu, na kila mara maneno ya Delbert yalipungua. Mwanzoni alisimulia habari ya sumaku na ukingo uliobanduka. Baadaye akayaacha hayo. Dada Philippa alipunguza mwendo wa gari, akashusha kioo, naye akaambiwa: "Niliiharibu, nikamdanganya."

"Kumbe zile sigara," alisema Dada Philippa.

"Ndizo."

Alipandisha kioo pole pole. Delbert akajua kwamba kabla ya jua kuzama hapatakuwa na haja ya kumwambia mtu mwingine yeyote, lakini Mama Odessa hakumwachia kwa hilo. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuchubuka. Chini ya rangi mbao ilitokea vipande vipande, nyeupe, haina habari ya mtu yeyote.

Verlene alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, bado amevaa wavu wa nywele na viatu vyeupe vya jikoni. Alisimama penye lango. Aliona kiti, vumbi, mumewe.

"Huyu naye," alisema Mama Odessa. "Mwambie mkeo ulichofanya."

Delbert akainua kichwa. Lakini Verlene alikuwa ameshafungua lango.

"Hana la kuniambia, Mama. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Siku ulipouliza iko wapi. Nilikuwa mlangoni na sahani ya keki. Ilikuwa mbele yako, nami najua, nikakukatia kipande." "Alhamisi nilijua. Uliponiombea mgongo nilijua. Sina ugonjwa wa mgongo, Mama Odessa."

Mkono wa Mama Odessa ulibaki ndani ya bakuli. Uso wake, ambao mchana kutwa haukuwa umebadilika, ukabadilika.

"Huyu ni mwanamume na vidude vyake," alisema hatimaye. "Huyu nilimfahamu. Lakini wewe nilikuwa nakutaja kila asubuhi. Nikimaliza wanangu, nakutaja wewe."

"Najua, Mama."

"Hujui."

Hakumwambia kaa, hakumwambia nenda. Verlene akavua wavu wa nywele, akautia mfukoni, akapanda, akaketi kwenye ngazi ya juu karibu na miguu ya mumewe, akanyoosha mkono. Delbert akachana msasa wake vipande viwili, akampa kimoja. Yeye akaendelea na ubavu wa juu, mkewe akashika wa chini. Alisugua vibaya, kwa kuzungusha, na Delbert hakumrekebisha.

"Hapo pembeni bado kuna nyekundu," alisema Mama Odessa.

Verlene akasugua hapo.

Huko mwisho wa mtaa gari likakunja kona, likawa linakuja pole pole, vioo vimeshushwa, redio inaimba. Lilikuwa la Mchungaji Tolliver. Likasimama mbele ya lango, na mchungaji akatoa kichwa na kofia yake, akitabasamu, akauliza kuna shughuli gani ya familia hapa kibarazani.

Mama Odessa akasukuma bakuli la maharage kando.

"Haya," alisema. "Sasa mjibuni wote wawili."

Verlene ndiye aliyeanza.